Nyumba za Kioo



Wapendwa wajumbe wa Kamati za Haki na Amani, mmeniomba niseme juu ya mitambo na uhuru wa mtu. Nitapitia kwenye riwaya. Msishangae, Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa hadithi.

Yevgeny Zamyatin, Mrusi, alikuwa mhandisi wa meli. Mnamo mwaka 1916 na 1917 alikuwa Uingereza akisimamia ujenzi wa meli za kuvunja barafu. Basi hakuwa mtu wa kuogopa mashine. Hata hivyo, mwaka 1920 na 1921 aliandika riwaya iitwayo Sisi, ambayo nchini mwake haikuchapishwa hadi 1988.

Katika nchi aliyoibuni, watu hawana majina, wana namba. Huamka kwa saa moja, hutafuna kwa hesabu moja. Nyumba zao ni za kioo, na pazia huteremshwa kwa saa zilizoruhusiwa tu. Msimulizi, D-503, naye mhandisi, anakisifu kioo hicho kwa kuwa kinawarahisishia Walinzi kazi yao. Mtawala anaitwa Mfadhili. Jina hilo lastahili kutafakariwa: haji kama mnyang'anyi, anakuja kuwapunguzia watu mzigo wa kuchagua.

Kisha serikali inavumbua namna ya kuuondoa ubongoni uwezo wa kuwaza yasiyoamriwa. D-503 anapasuliwa. Baadaye anaketi kando ya Mfadhili, akimtazama mwanamke aliyempenda akiteswa, wala moyo haumsuti.

Wengi wetu twamjua zaidi George Orwell, aliyeisoma Sisi kabla ya kutoa 1984 mwaka 1949, na ambaye Fortunatus Kawegere alitufasiria Shamba la Wanyama mwaka 1967. Watu hulikumbuka jicho lake linalotazama kutoka ukutani. Kwangu mimi, Zamyatin aliona mbali zaidi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 16, unafundisha kwamba dhamiri ni patakatifu pa mtu, alipo peke yake na Mungu. Anayetazamwa mchana na usiku huishia kujitazama kwa macho ya mtazamaji. Hapo hata kisu hakihitajiki.

Je, ni mambo ya vitabuni tu? Nchini Kenya, sheria ya usajili wa watu ilirekebishwa mwaka 2018 ili serikali iweze kukusanya hata vinasaba vya raia na mahali halisi yalipo makazi yao. Miongoni mwa waliokwenda mahakamani walikuwa watetezi wa Wanubi, jamii iliyokwisha kusumbuliwa miaka mingi katika kupata vitambulisho. Walijua kwamba namba inayomfungulia jirani mlango yaweza kumfungia mwingine. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba kukusanya vinasaba na mahali pa makazi ni kinyume cha Katiba. Usajili wenyewe haukukatazwa, mradi sheria za kutosha za kulinda habari za watu ziwepo kwanza. Naona uamuzi huo ulikuwa wa busara: mahakama haikukivunja chombo, ilikidai sheria.

Kwa hiyo watu wakiitwa kutoa alama za vidole, kamati iulize kwa adabu: nani atazitunza, nani ataziona, na aliyeandikwa vibaya amlilie nani? Lakini kabla ya kwenda kuuliza huko, tujibu sisi. Daftari za jumuiya zetu ndogondogo zina majina ya wagonjwa na habari za ndoa zenye shida. Zinakaa wapi, na ufunguo anao nani?