Selimundu: Damu Yetu Iliifundisha Dunia

Msikilizaji, ukipanda matatu Adams Arcade, Nairobi, kuelekea mjini, hukawii kufika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Humo hutibiwa watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao fumbo lake kubwa lilifumbuliwa kwa damu ya Wakenya.

Mwaka 1949, Anthony Allison, mwanafunzi wa Oxford aliyelelewa Kenya, alipima damu ya jamii mbalimbali nchini. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zilikuwapo jamii ambamo zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba jeni ya selimundu. Nyanda za juu, hawakufika hata mmoja katika kila 100. Sababu ya tofauti hiyo ni malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja hukingwa dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua selimundu.

 

Kwa damu hiyo, deni lipo. Serikali za kaunti zimpime kila mtoto selimundu anapozaliwa, na dawa yake, haidroksiuria, ifike zahanati za Kisumu, Busia na Kilifi, si Nairobi pekee.