SOMO LA REDIO: KUCHAGUA NA KUUNGA BODI YA FLASHI

Ndugu wanafunzi wa Mdandu! Mimi ni Afisa Elimu wenu. Fungueni madaftari. Ile redio-kaseti ya darasa iwekeni mezani, lakini kwanza iondoeni katika umeme.

Mwaka 1973, vikundi vya Mtu ni Afya vilipokusanyika kusikiliza redio, somo likipita lilikuwa limepita. Siku hizi twaweza kulitia somo katika flashi, tukalisikiliza hata mara kumi. Ila redio yetu ni ya zamani, haina tundu la flashi. Ndiyo sababu mafundi hutia ndani yake bodi ndogo.

Kazi ya bodi hiyo ni nini? Ndani ya flashi hamna sauti, mna hesabu. Sauti iliponaswa ilipimwa, mara nyingi vipimo 44,100 kwa sekunde moja, na kila kipimo kikaandikwa kuwa namba. Kisha namba zikafungashwa ili zichukue nafasi ndogo. Bodi hulifungua furushi hilo, na kuzigeuza namba kuwa umeme unaopanda na kushuka. Umeme huo ni dhaifu, hauwezi kuisukuma spika. Lazima upite katika kikuza sauti cha redio.

Sasa mkienda kununua, Njombe au Makambako, msianze kuuliza, "Inalia vizuri?" Ulizeni, "Ni ya volti ngapi?" Kisha someni wenyewe maandishi yaliyo juu ya bodi. Nyingine ni 5V, nyingine 12V. Mimi niliwahi kuunga bodi ya 5V katika betri ya sola ya volti 12. Nilikuwa na diploma, lakini sikusoma! Moshi ulitoka mwembamba, na fedha niliyopata kwa kuuza viazi ikaishia hapo. Bodi ile haikulia hata mara moja.

Redio yetu hutumia mawe sita, yaani volti 9. Kwa bodi ya 5V tutahitaji kipunguza umeme kiitwacho 7805, chenye miguu mitatu. Kishikeni maandishi yakiwatazama, miguu chini. Mguu wa kushoto hupokea umeme wa mawe, wa kati ni wa hasi, wa kulia hutoa volti 5. Mawe yakichoka hata kushuka chini ya volti 7, bodi itaanza kusitasita. Msiilaumu.

Tazameni tena bodi. G au GND ni njia ya umeme kurudi. Iungeni na hasi ya kikuza sauti kabla ya nyaya nyingine. Ikikosekana mtasikia mvumo kama wa nyuki. L ni sauti ya kushoto, R ya kulia. Redio yetu ina spika moja, basi msizifunge L na R pamoja hivi hivi. Kila moja ipite kwanza katika rezista yake ya omu 1,000, ndipo zikutane. Kama redio ina tundu la AUX, sauti iingie hapo. Kama haina, fundi ataiunga penye kizungusha sauti.

Kabla ya kipindi kijacho, kila mmoja aichore bodi na kuandika 5V, GND, L na R mahali pake. Mwenyekiti wa kikundi azikague picha zote kabla fundi hajawasha pasi ya kulehemu. Kwaherini.