Mgeni ni Nani Hapa Kwetu?

Hotuba iliyotolewa na afisa wa huduma za jamii wa kaunti katika baraza la wananchi, Msambweni, Kaunti ya Kwale. Imefupishwa kidogo ili itoshee katika jarida.

Nawashukuru kwa kuja na jua hili, hasa wavuvi walioacha vyombo ufuoni ili wawe nasi asubuhi hii.

Nimeombwa nizungumze kuhusu wageni, na sababu mnaijua. Kuna sauti zilizorekodiwa ambazo zimekuwa zikizunguka kwenye vikundi vyetu vya WhatsApp. Ya kwanza ilisema wavuvi wa dago wamejaa ufuoni. Ya pili ilisema basari zinakwenda kwa watoto wasio wa hapa. Ya tatu ilitaja mtaa, ikasema watu wake waondoke kabla ya mwezi kuandama. Zile mbili za kwanza ni malalamiko, na malalamiko yana ofisi zake. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonitoa ofisini.

Wataalamu wana neno lao, zenofobia. Limetoka kwa Wagiriki: xenos ni mgeni, phobos ni hofu. Sisi tunasema chuki dhidi ya wageni, na nadhani tumesema vizuri zaidi, kwa sababu hofu peke yake si kosa. Mtu akibisha hodi usiku wa manane, utaogopa, utauliza ni nani. Chuki ni pale umeshajua ni nani, umeshaona hana baya, na bado unamtaka atoke kwa sababu ya alikotoka babu yake.

Nichukue mfano wa ufuo, maana hapo ndipo kelele ni nyingi. Wapemba wamekuwa wakija na upepo wa kaskazi tangu enzi za mababu, wengine wakarudi, wengine wakaoa na kubaki. Leo mvuvi wa hapa akiniambia kuna watu wanavuta juya na kukomba mpaka samaki wachanga, namsikiliza, kwa sababu juya limepigwa marufuku na watoto wake watakosa samaki. Lakini kosa hapo ni juya. Anayelivuta akiwa Mdigo wa Gazi, kosa ni lilelile. Akiwa Mpemba mwenye mshipi na leseni, hana kosa. Tukianza kusema "Wapemba wanamaliza bahari" tumeliacha juya linaendelea kuvutwa, tena pengine na ndugu zetu wenyewe, sisi tumeshughulika na makabila. Kwenye kikundi cha usimamizi wa ufuo, pelekeni jina la chombo, aina ya nyavu na siku. Kabila halimsaidii afisa wa uvuvi kwa lolote.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, Afrika Kusini, kwa sababu huko tumeona jambo hili likifika mwisho wake. Mwezi wa Mei mwaka 2008 ghasia zilianza Alexandra, mtaa wa watu maskini Johannesburg, zikaenea miji mingine. Wananchi walikuwa wakilalamikia ajira, nyumba na uhalifu, mambo ya kweli kabisa. Hasira ikaelekezwa kwa Wazimbabwe, Wamsumbiji, Wasomali wenye maduka. Watu 62 waliuawa. Na hapa naomba mnisikilize vizuri: 21 kati yao walikuwa raia wa Afrika Kusini.

Ilikuwaje raia akauawa kwa kosa la kuwa mgeni? Walikuwa na mtihani wao. Mtu alisimamishwa njiani, akaoneshwa kiwiko, akaulizwa kinaitwaje kwa Kizulu. Ni neno gumu, indololwane, ambalo mgeni hawezi kulikisia. Mwenyeji anayezungumza Kivenda au Kitsonga naye huenda asilijue. Mwenye ngozi nyeusi zaidi naye akashukiwa. Kwa hivyo waliokuja kumfukuza mgeni wakaanza kupiga wenzao.

Hebu tujaribu mtihani huo hapa. (Anaonesha kiwiko.) Hiki ni nini? Nimesikia kiwiko. Nimesikia kisukusuku. Mzee pale kasema kisigino cha mkono, na huyu kijana kanyamaza kimya, amekulia Nairobi huyo. Ni ukumbi mmoja na tumeshapata majibu matatu na mshukiwa mmoja!

Mnacheka, lakini sisi Kwale tuna mtihani wetu ambao umedumu miaka mingi kuliko ule. Wamakonde walikuja hapa kutoka Msumbiji tangu wakati wa mkoloni, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Wapo wazee hapa mlioona miwa ile ya Ramisi ikikatwa kabla kiwanda hakijafungwa mwaka 1988. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe siku ya kwanza. Walizaa hapa, wakazikana hapa. Nchi ikapata uhuru mwaka 1963, wao wakabaki bila karatasi, na watoto wao na wajukuu pia.

Kukosa kitambulisho ni nini? Kijana hasajili laini ya simu kwa jina lake, hivyo pesa zake zinakaa kwenye simu ya mtu mwingine. Hafungui akaunti ya benki. Hapati leseni ya kuendesha boda boda wala ya kuvua. Akidhulumiwa mshahara haendi polisi, maana swali la kwanza atakaloulizwa ni kipande chako kiko wapi. Kwa hivyo analipwa chochote. Halafu sisi tunasema "hawa wanakubali mshahara mdogo, wanaharibu soko." Aliyefaidika na mshahara ule mdogo hatumuulizi kitu.

Oktoba 2016 Wamakonde walifunga safari kutoka hapa Kwale kwenda Ikulu, sehemu ya njia kwa miguu, kuomba watambuliwe. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho, na Februari 2017 wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Washona, ambao walikuja kutoka kule tunakoita Zimbabwe leo, walipata uraia mwaka 2021. Wapemba nao wakatambuliwa mwaka 2023. Mlango wa kisheria ulikuwepo tangu Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, iliyowaruhusu watu wasio na uraia wowote waliokuwa nchini tangu Desemba 12, 1963, na vizazi vyao, kuomba usajili. Lakini mlango ukiwa wazi na mtu hajui upo, au chifu hataki kumwandikia barua, ni sawa na ukuta.

Ningependa kusema makosa yote yalifanywa na serikali. Siwezi. Kabla ya ugatuzi nilikuwa karani wa kujitolea katika kamati moja ya basari. Fomu zilikuwa nyingi, pesa kidogo. Ikaja fomu ya msichana mmoja mwenye alama nzuri kuliko wengi wetu, jina la babu yake si la huku, cheti cha kuzaliwa hakuna. Hakuna aliyeniagiza. Nilichukua penseli nikaandika pembeni: "Si wetu." Kamati ikapita juu ya fomu ile bila kusema neno, kwa dakika moja hivi. Baadaye nilikuja kujua alizaliwa katika hospitali ileile niliyozaliwa mimi, na kwamba alirudi nyumbani mwaka ule, akaolewa. Sijamwona tena. Penseli inafutika, lakini fomu ilikuwa imeshakwenda kwenye rundo la waliokataliwa.

Kwa hivyo mama akiniuliza leo basari zinatolewa kwa nani, sikasiriki. Ana haki ya kuuliza. Ni kodi yake, na mtoto wake yuko nyumbani. Anastahili kuona orodha ya wadi yake na vigezo vilivyotumika. Akiona jina la mtu asiyesoma, au mtoto wa tajiri, alete, tutafuatilia. Akileta jina kwa sababu tu linasikika kama la Msumbiji, hapo nitamwomba akae kidogo tuzungumze.

Kuna wanaosema serikali ya kaunti ifukuze watu. Niwe wazi: uraia na uhamiaji ni kazi ya serikali ya kitaifa. Kaunti haitoi kitambulisho na haimfukuzi mtu. Ukimshuku mtu kwa uhalifu, polisi wapo. Ukiona mtu amevuka mpaka bila kibali, idara ya uhamiaji ipo, Lunga Lunga si mbali. Hakuna sheria inayompa kijana mwenye rungu kazi hiyo. Na sauti ile ya tatu niliyoitaja, aliyeirekodi na anayeisambaza wajue Katiba yetu, kifungu cha 33, hailindi matamshi ya chuki, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 3, au faini hadi shilingi milioni 1, au vyote viwili. Kusema "nilisambaza tu" si utetezi mzuri.

Na huo mpaka wenyewe ni jambo la ajabu. Ulichorwa mwaka 1886 na Waingereza na Wajerumani, ukapita katikati ya Wadigo na Wasegeju bila kuuliza mtu. Ni wangapi hapa wana shangazi Tanga? Naona mikono mingi. Mwaka 2019 mbunge mmoja wa Nairobi alipotishia wafanyabiashara wa Tanzania na Uganda masokoni, serikali yetu ilijitenga naye upesi, na yeye akakamatwa. Lakini ni sisi wa mpakani tuliokaa tukifikiria shangazi zetu, na matatu za kwenda Horohoro.

Tuna binti zetu Saudia pia. Kila mtaa una nyumba iliyoezekwa mabati kwa pesa za Riyadh au Jeddah. Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka 2024. Binti akipigwa kule kwa sababu ni Mwafrika na hana wa kumtetea, sisi tunajaa kwa chifu tukilia, na tuna haki ya kulia. Mwajiri wake naye huenda anasema maneno haya haya tunayoyasikia kwenye zile sauti.

Mwisho ni mambo ya kazi. Yeyote aliyezaliwa hapa na hana karatasi, au ana mtoto ambaye hajasajiliwa, apite kwa msimamizi wa wadi. Atamwelekeza kwa ofisi ya usajili na kumweleza nyaraka anazohitaji. Hatutamwuliza kabila kabla ya kumkalisha. Wale wa mtaa uliotajwa, polisi wamekwisha kuarifiwa, na wazee wa nyumba kumi wana namba ya simu ya kupiga usiku. Mnaoishi jirani nao, mkisikia watu wanajikusanya, msingoje asubuhi.

Sasa maswali. Yule mama pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja basari, na hajaushusha. Tuanze na yeye.