Mkoba Uliotoka Jalalani na Haki ya Aliyeushona

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, juu ya kazi ya washonaji wetu wa Kabiro na Kibera



Nashukuru kwa kupewa nafasi ya kusema machache kabla hamjapiga kura juu ya agizo lililo mezani. Kama mjuavyo, tajiri mmoja wa mjini ameomba akina mama wetu wamshonee mikoba 200 kwa mabango ya zamani na nguo za mitumba, naye ametaja bei yake. Wako wanaosema kwamba mwenye njaa hachagui, na agizo lipokelewe kama lilivyo. Wako wengine wanaosema bei hiyo ni ndogo mno, na tajiri aambiwe aende zake. Mimi si fundi wa cherehani. Kazi yangu ni kuandika daftari. Kwa hiyo nitasema kwa upande wa daftari, nami nitaonyesha kwamba iko njia ya tatu.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba kazi ya kukipa kitu cha kale maisha mapya si ngeni kwetu. Wazee waliopo hapa wamevaa akala zilizokatwa katika magurudumu ya magari. Wengi wetu tulisoma usiku kwa koroboi iliyoundwa kwa mkebe. Mafundi wa jua kali wamegeuza mapipa ya mafuta kuwa makarai na masanduku. Na kabla ya hayo yote, mwanamke wa Ukambani na wa Ukikuyu alisokota uzi akasuka kiondo, mfuko ambao ukitunzwa humtumikia mtu miaka mingi. Mfuko wa plastiki ndio uliokuja baadaye, nao ulituzoeza kuchukua kitu, kukitumia kutoka dukani mpaka nyumbani, kisha kukitupa.

Matokeo yake tuliyaona kwa macho. Mifereji ya Kibera na Kawangware iliziba, na kila masika maji machafu yakaingia majumbani. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 ili kuwa akiba ya maji ya mji, lilijaa matope, magugu na takataka. Jaa la Dandora, lililofunguliwa katika miaka ya 1970, lilitangazwa mwaka 2001 kuwa limejaa, lakini magari ya taka yakaendelea kumwaga miaka mingi baadaye. Profesa Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, aliipiga vita mifuko hiyo, akaleta kutoka Japani neno *mottainai*, ambalo maana yake ni majuto kwa kuharibu kitu ambacho kingali na faida.

Serikali ilijaribu kuizuia mifuko myembamba mwaka 2007, na tena mwaka 2011, isifaulu. Hatimaye, tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku katika Kenya nzima, na adhabu ikawekwa kuwa faini ya Sh. milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Zanzibar ilikwisha kututangulia mwaka 2006, na Rwanda mwaka 2008. Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Ndipo mlango ulipofunguka kwa mtu yeyote awezaye kushona mfuko wenye kudumu.

Sasa niseme juu ya vitu vyenyewe tunavyotumia, kwa sababu wengi hudhani kwamba mkoba wa takataka ni kazi rahisi. Bango la matangazo la barabarani ni kitambaa cha nyuzi kilichopakwa plastiki iitwayo PVC. Halipitishi maji wala halichakai upesi, lakini ni gumu kushona. Sindano yataka kuwa nene, na mshono uwe mrefu. Mshono mfupi hulitoboa bango mfano wa karatasi ya stempu, nalo huchanika papo hapo. Tundu likitobolewa halizibiki tena, kwa hiyo fundi akikosea hawezi kufumua na kurudia bila alama kuonekana. Ndiyo sababu akina mama hushikiza vipande kwa vibanio vya kuanikia nguo, wasitumie pini. Gunia la nailoni hustahimili uzito, lakini nyuzi zake huharibika juani, basi lafaa zaidi ndani kuliko nje. Jinzi za mitumba kutoka soko la Toi zafaa kwa mikanda na pembe, na tyubu ya gurudumu yafaa kwa kitako. Kila kitu huoshwa, hukaushwa na kupimwa kabla mkasi haujagusa. Huu ni ufundi kamili, nao hujifunzwa kwa muda mrefu.

Je, wako watu wanaoununua ufundi huo kwa bei yake? Wako. Huko Zürich, Uswisi, ndugu wawili, Markus na Daniel Freitag, walianza mwaka 1993 kushona mifuko kwa maturubai ya malori, mikanda ya usalama ya magari na tyubu za baiskeli. Mifuko yao si rahisi hata kidogo, lakini watu huinunua kwa sababu haipitishi maji, hudumu, na hakuna miwili iliyo sawasawa. Hapa kwetu Nairobi, kuanzia mwaka 2010, nyumba ya mavazi ya Vivienne Westwood ya London ilishonesha mikoba kwa mpango wa Kituo cha Biashara cha Kimataifa uitwao Ethical Fashion Initiative. Ilishonwa kwa turubai lililokwisha kutumika, mabango ya barabarani na mabaki ya ngozi. Na shaba ya manjano iliyopambia ilitoka kwa mafundi wa Kibera walioyeyusha makufuli mabovu na mabomba ya magari. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kitu kilichotoka mitaa yetu hakiwezi kusimama dukani karibu na vingine.

Natumai mmeona kwamba mifano hiyo yote miwili ilisimama kwa ubora wa kazi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nalisema hili kwa sababu tajiri wetu ametaka pia kila mkoba ubandikwe karatasi yenye picha ya kibanda na maneno ya kuhurumiwa. Mnunuzi mwenye huruma hununua mara moja, akaenda zake na dhamiri iliyotulia. Mnunuzi aliyependezwa na mkoba hurudi, tena huja na dada yake. Karatasi yetu iseme mkoba umeshonwa kwa kitu gani, wapi, na namna ya kuusafisha. Hayo yatosha.

Sasa tufike katika hesabu. Bei kamili ya agizo ataisoma Bwana Mweka Hazina. Mimi nitatumia tarakimu nyepesi za mfano, na kila mmoja azibadilishe kwa bei ya siku. Tuseme mkoba mmoja wenye zipu na bitana wataka bango la Sh. 60, bitana ya Sh. 40, zipu ya Sh. 30, uzi wa Sh. 15, sabuni na maji Sh. 20, nauli Sh. 25, na fungu la kodi ya chumba na matengenezo ya cherehani Sh. 30. Jumla ni Sh. 220. Tuseme tena kwamba kuosha, kukata na kushona huchukua saa 3, na tajiri hutoa Sh. 300. Zinabaki Sh. 80 kwa kazi ya saa 3.

Kwa mikoba 200, hubaki Sh. 16,000, na saa za kazi ni 600. Wakigawana akina mama 8, kila mmoja atakaa kwenye cherehani saa 75, naye atapeleka nyumbani Sh. 2,000. Hakuna mama hapa asiyejua kwamba siku hizo zote, akienda kufua nguo za watu huko Lavington, angerudi na zaidi ya hizo. Na cherehani itakayochakaa kwa kazi hiyo haitanunuliwa nyingine, kwa maana hakuna senti iliyowekwa akiba.

Kama saa moja ya fundi ingehesabiwa Sh. 100 tu, na Sh. 30 zikawekwa akiba, mkoba huo ungeuzwa Sh. 550. Tajiri anaweza kukataa. Lakini ndugu zangu, tusimkatalie kabla ya kumwonyesha kitu kingine. Mfuko wa sokoni usio na zipu wala bitana wagharimu, kwa mfano wetu, Sh. 150, na hushonwa kwa saa 1. Tukimuuzia kwa Sh. 230, hubaki Sh. 80 zile zile, lakini kwa saa moja badala ya tatu. Yeye atapata mfuko wa bei ndogo autakao, na akina mama hawatapunjwa. Mtu mwenye njaa haimpasi kuchagua kati ya bei mbaya na kukosa kazi, ikiwa aweza kubadili kitu anachouza.

Iko hofu moja nimeisikia, nayo ni ya haki: kwamba tukishupaa, agizo litakwenda kwa kikundi kingine cha jirani. Huenda likaenda. Lakini kila kikundi kikiendelea kushusha bei chini ya mwenzake, mwisho wake ni akina mama wote wa mitaa hii kushona kwa hasara, na wenye maduka kuzoea kwamba kazi yetu haina thamani. Ni afadhali tuwatembelee majirani hao, tukae nao, tukubaliane bei ambayo hakuna atakayeuza chini yake.

Jambo lingine ni uaminifu. Tukisema mkoba umeshonwa kwa vitu vya kale, basi uwe hivyo kweli. Siku bango likikosekana, tusinunue kitambaa kipya na kukipachika jina la zamani. Vipande vya PVC vinavyobaki visichomwe kamwe, maana moshi wake una sumu, nao huingia kwanza vifuani mwa watoto wetu. Wala tusijisifu kupita kiasi. Mikoba 200 haitasafisha Kibera, na mkoba wenyewe utachakaa siku moja. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 yataka taka zitengwe pale zinapotoka. Kuzizoa ni wajibu wa Kaunti, na tuendelee kuudai. Sisi kazi yetu ni kuchelewesha kitu kisifike jaani, na kumpatia riziki aliyekichelewesha.

Kwa hayo, Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu ukubali mambo manne. Kwanza, bei ya agizo isikubaliwe kama ilivyo, bali tajiri aandikiwe barua yenye hesabu ya mkoba kamili na ya mfuko wa sokoni, achague. Pili, karatasi ya kuomba huruma isibandikwe. Tatu, fungu la akiba liwekwe katika kila kitu kitakachouzwa, na daftari lake lisomwe kila mwezi mbele ya washonaji wenyewe. Nne, wajumbe wawili wateuliwe kwenda kuzungumza na vikundi vya jirani juu ya bei.

Rasimu ya barua hiyo ninayo hapa. Mkiniruhusu leo, itapelekwa kesho asubuhi.