Kibarua Asiye na Cheti

Idara ya rasilimali watu, yaani ofisi inayoajiri, kupandisha vyeo na kutunza majalada ya wafanyakazi, hudhaniwa kuwa ya makaratasi tu, ilhali humo ndimo huamuliwa nani atakopesheka, nani atalipwa akiugua, na nani atazeeka bila kazi yake kuandikwa popote.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humtambua kibarua kuwa mtu anayelipwa kila jioni na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 humwekea kinga: akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake hufikia mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyotarajiwa kwisha kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, mwenye kustahili notisi ya siku 28 kabla ya kuachishwa.

Ujanja huanzia hapo. Katika kiwanda cha nguo, wiki ya tatu jina la kibarua huachwa nje ya orodha ya langoni ya wanaoingia kazini, mtu akaambiwa apumzike kidogo, kisha akarejeshwa kwenye cherehani ile ile kana kwamba ni mgeni. Mfululizo ukikatwa hivyo, haki nyingine pia humponyoka: likizo ya ugonjwa yenye malipo hudai miezi miwili mfululizo ya utumishi, na ile ya mwaka, ya siku 21, hudai miezi 12. Hata cheti cha utumishi, hati inayotaja kazi aliyoifanya mtu na muda alioifanya, mwajiri halazimiki kukitoa kwa aliyetumika chini ya wiki nne mfululizo. Hilo la cheti halizungumzwi sana, nalo pengine ndilo linaloumiza zaidi, kwa kuwa mshonaji hodari aliyekatiwa siku zake hivyo kwa miaka huenda kuomba kazi kwingine mikono mitupu, akaanza tena na ujira wa mwanagenzi.

Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 humpa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini, na afisa anayepanga mapengo hayo, hata kama ameagizwa na wakubwa, anajua anachokikwepa. Wakaguzi wa kazi wanaoingia kiwandani wangefaa kudai kwanza daftari la langoni la mwaka mzima, si orodha ya mishahara ya mwezi mmoja, kwa maana majina yanayotoweka na kurudi huonekana humo.