Tukipewa Seva Kuukuu, Tuulize Nini?



Tumeombwa tuseme machache juu ya seva kuukuu zenye prosesa mbili au nne, ambazo ofisi hutoa msaada zinapobadilisha mitambo. Je, tuzipokee? Tunasema ndiyo, lakini tuulize kwanza.

Mfumo wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991, hauhitaji kununuliwa leseni. Tangu toleo la 2.0 la mwaka 1996 unaweza kugawa kazi kwa prosesa zaidi ya moja. Mwanzoni palikuwa na kufuli moja: prosesa moja ikiwa ndani ya kiini cha mfumo, nyingine zilisubiri, kama wapishi wanne kwenye jiko moja. Kufuli hilo lilipunguzwa kidogo kidogo, likaondolewa kabisa mwaka 2011. Hata hivyo, prosesa nyingi husaidia watu wengi wanaotumia seva kwa pamoja. Kazi moja isiyogawanyika haiendi mbio zaidi.

Kwanza tuulize: je, ni mashine ya biti 64? Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Seva za Opteron, zilizoanza mwaka 2003, zinafaa. Xeon za kabla ya mwaka 2004 hazifai. Fundi akiandika amri ya lscpu ataona jibu. Za Itanium tuzikatae, maana Linux iliziacha katika toleo la 6.7, Januari 2024. Mashine isiyopata marekebisho ya usalama isitunze majina ya waumini wala hesabu za mikopo ya vikundi.

Pili, umeme. Seva inayovuta wati 400 usiku na mchana hula uniti 288 kwa siku 30. Kompyuta ndogo ya wati 30 hula chini ya 22. Nani atalipa tofauti hiyo kila mwezi?

Tatu, diski. Diski mbili zenye nakala ileile haziokoi faili lililofutwa wala seva iliyoibiwa. Nakala nyingine ikae jengo jingine.

Wafadhili wetu, tutumieni aina ya prosesa kabla ya kusafirisha mzigo, na ikiwezekana ongezeni diski mpya. Wanakamati, andikeni katika muhtasari wa kikao jina la atakayeitunza na fungu litakalolipia umeme. Yasipopatikana hayo mawili, tushukuru kwa heshima, tusiipokee.