Tuipange Nyumba Kabla ya Kuiuza

Mada iliyotolewa na Afisa Habari wa Manispaa katika mkutano wa wakazi wa Kata ya Kibirizi



Nimepewa nafasi niseme juu ya jambo linaloonekana kuwa la faragha ya kila familia, lakini ambalo mara nyingi huishia katika ofisi za umma na mahakamani. Jambo hilo ni kuuza nyumba ya familia kwa haraka. Tuchukue mfano. Mzee amefariki. Watoto wametawanyika: mmoja yuko Dar es Salaam, mwingine Kasulu, mwingine ng'ambo ya ziwa huko Kalemie. Nyumba imebaki na mama na vyumba vitano, na vinne kati ya hivyo vimejaa vikorokoro vya miaka 40. Kisha linatokea deni, au ugonjwa unaotaka fedha, na watoto wanasema: tuuze, tena tuuze upesi.

Ndugu wananchi, nyumba iliyopangwa ndiyo inayouzika upesi. Isiyopangwa, hata ikishushwa bei, mnunuzi mwenye fedha halali huiogopa. Anayebaki ni yule anayejua kuwa familia ina shida, naye hutoa bei ya kutupa. Punguzo analolidai ni malipo ya wasiwasi wake: huyu anayeniuzia ndiye mwenyewe? Mipaka ni hii? Kesho hatatokea ndugu mwingine mlangoni? Kila swali tunalolijibu mapema hurudisha fedha mkononi mwa familia. Kwa hiyo naomba tupange mambo matatu, kwa utaratibu huu: watu, karatasi, kisha vitu.

Watu

Mwenye nyumba akifariki, hakuna mtoto mwenye mamlaka ya kuiuza, hata awe kifungua mimba, hata kama ndiye aliyemuuguza mzee. Kikao cha ukoo hupendekeza jina la msimamizi wa mirathi. Mahakama ndiyo inayomteua. Mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu inaweza kufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo, na familia itahitaji cheti cha kifo na muhtasari wa kikao. Msimamizi naye si mmiliki. Amepewa dhamana ya kukusanya mali, kulipa madeni na kuwapa warithi haki zao. Nyumba iliyouzwa kabla ya hatua hizo ni mauzo yanayoweza kutenguliwa, na hapo muuzaji na mnunuzi wote wawili huumia.

Ikiwa wenye nyumba wangali hai, tukumbuke Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Mume hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke, wala mke bila ridhaa ya mume. Ridhaa hiyo iandikwe na itiwe saini. Kunyamaza si kukubali.

Kuna swali moja ambalo vikao vingi hulipita haraka: mama atalala wapi usiku ule baada ya ufunguo kukabidhiwa? Katika mfano wetu, mama huyu ameishi humo tangu nyumba ikiwa ya udongo. Kusema tu kwamba "atazunguka kwa watoto" si jibu. Muhtasari wa kikao utaje ni kwa nani, katika chumba kipi, nani atagharimia matumizi yake, na fungu lake katika mauzo ni kiasi gani. Naye aulizwe mwenyewe, mbele ya wote, kabla dalali hajaitwa.

Karatasi

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika nyumba zetu daftari lipo, ila limezikwa. Kabla ya kutupa hata gazeti moja, karatasi zitafutwe. Zimo chini ya godoro, ndani ya sanduku la bati, katika kopo la maziwa ya unga, nyuma ya picha iliyo ukutani, katikati ya kurasa za Msahafu au Biblia. Familia inayoanza kwa kuchoma takataka huweza kuchoma hati yake yenyewe.

Mnachotafuta ni hati ya umiliki, barua ya toleo ambayo wengi tunaiita ofa, au leseni ya makazi. Hati ya mauziano ya zamani iliyoandikwa mbele ya balozi na mashahidi. Wosia, kama upo. Cheti cha ndoa. Stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Na karatasi yoyote ya mkopo ambao nyumba iliwekwa dhamana. Ongezeni ankara za maji za KUWASA. Kodi ya majengo, tangu mwaka 2021, hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Nyumba iliyokaa gizani muda mrefu inaweza kuwa na kiasi kinachodaiwa. Afadhali familia ilijue deni hilo kabla mnunuzi hajaligundua.

Karatasi zikikosekana msikate tamaa, wala msimkubali mtu anayejitolea "kuwatengenezea" nyingine. Toeni taarifa ya upotevu polisi, kisha nendeni Idara ya Ardhi ya Manispaa mkaulize kumbukumbu za kiwanja.

Vitu

Sasa tuingie vyumbani. Kibirizi ni kata ya mwalo, na nyumba nyingi zimekuwa makazi na ghala kwa pamoja. Humo mna karabai zisizowaka, nyavu, maboya, kamba, madumu ya mawese, betri kuukuu, injini ya boti iliyovuliwa mtumbwini na kuegeshwa ukutani. Wekeni mafungu manne: vinavyobaki kwa familia, vinavyorudishwa kwa wenyewe, vinavyouzwa, na vinavyotupwa.

Fungu la pili lina uzito wa pekee hapa kwetu. Uvuvi ni kazi ya ubia. Injini ile huenda mzee aliinunua pamoja na mwenzake. Wavu ule huenda uliachwa na mvuvi aliyerudi kwao akitarajia kurejea. Waulizeni wabia na majirani kabla ya kuuza. Kila kitu chenye thamani kiandikwe katika daftari, na wawakilishi wa warithi wote watie saini, ili pasiwe na mtu wa kusema baadaye kwamba karabai nne ziliondoka usiku.

Katika fungu la nne pana mambo ya tahadhari. Makokoro na nyavu za timba ni zana haramu; msimuuzie mtu, mwiteni afisa uvuvi. Betri kuukuu zina risasi na tindikali. Zisipasuliwe wala kumwagwa uani ambako watoto hucheza na kuku hudonoa. Nyavu na plastiki zisichomwe katikati ya makazi. Mafuta ya taa yaliyosahaulika kwenye chupa za soda yaondolewe kabla ya yote, maana yamewahi kunywewa na watoto wakidhani ni maji.

Wakati mzuri wa kazi hii ni siku za mbalamwezi. Wavuvi wa taa huwa nchi kavu, vijana wa kubeba mizigo wapo, na watu wa kununua kamba na maboya wapo pia.

Vyumba vikiwa vitupu, safisheni. Harufu ya dagaa hukaa ukutani na kwenye mbao. Fungueni madirisha kwa siku kadhaa, sugueni kwa maji ya moto na sabuni, kisha pakeni chokaa. Doa la mawese kwenye sakafu ya saruji linyunyiziwe majivu yalinyonye kabla ya kusuguliwa. Rekebisheni bati linalovuja, bawaba iliyolegea, mfereji ulioziba, mlango wa choo. Msianze ujenzi mpya, kwa kuwa fedha hiyo hairudi yote.

Ukweli wa nyumba

Chokaa kisitumike kuficha. Miaka ya 2020 na 2021 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia katika makazi ya mwambao. Ziwa hili hutoa maji yake kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, na tangu zamani limekuwa likipanda na kushuka. Pale Ujiji, mahali walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871 palikuwa karibu na ufuko, na leo pako mbali na maji. Kama nyumba yenu iliwahi kuingiliwa na maji, mwambieni mnunuzi yalifika wapi. Mwambieni pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na pimeni nyumba iko umbali gani. Kisha tembeeni mipaka yote pamoja na majirani na mwenyekiti wa mtaa. Mnunuzi aliyeambiwa ukweli hana sababu ya kurudi na wakili.

Bei na malipo

Pateni makadirio ya mthamini aliyesajiliwa, kisha linganisheni na nyumba zilizouzwa karibuni mtaani. Malipo ya dalali yaandikwe kabla hajaleta mtu. Mkataba wa mauzo uwe wa maandishi, mbele ya wakili, na fedha zipite benki. Ufunguo ukabidhiwe fedha zikishakamilika. Ulizeni mapema ofisi ya TRA kuhusu kodi inayotokana na mauzo, ili isije ikawa mshangao siku ya kugawana.

Jambo jingine nalisema wazi: hakuna sheria inayoipa ofisi ya mtaa asilimia 10 ya bei ya nyumba yenu. Malipo yoyote halali ya serikali hutolewa kwa kumbukumbu namba ya malipo, nanyi hupewa stakabadhi.

Pakitokea mgogoro, Baraza la Ardhi la Kata lipo kwa ajili ya usuluhishi. Likishindwa kuwapatanisha, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili amwone Afisa Ustawi wa Jamii, aelekezwe kwa wasaidizi wa kisheria, ambao huduma yao ni bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Ndugu wananchi, najua kwamba shida haisubiri. Lakini majuma machache ya kupanga ni mafupi kuliko miaka ya kesi, na ni mepesi kuliko kumtazama mama akihama na sanduku lake bila kujua aendako. Anzeni na kikao, tafuteni karatasi, kisha ndipo mfungue vyumba.